Maji Yasiingie Jichoni

Ukisema mtoto wa jicho hapa Juba, watu watakuuliza mtoto gani. Kwa Kiarabu chetu cha mtaani ugonjwa huo ni moya abiyad, maji meupe, na mtu akishaambiwa ana maji meupe hujihesabu miongoni mwa waliokwisha. Mimi ndiye niliyelileta neno la mtoto wa jicho nyumbani kwetu. Nililitoa Kitale, kwa mjomba, nilikolelewa na kusomeshwa miaka ya ukimbizi. Laiti ningeliacha huko huko.

Tangu mama yangu apasuliwe jicho, majirani wa huku mtaani Jebel huniletea wazee wao niwape ushauri. Mimi ni fundi cherehani tu, sijawahi kushika mkasi usiokuwa wa kitambaa, lakini aliyeuguza naye ana lake la kusema. Nawaambia wasingoje jicho liive. Nani aliwaambia jicho ni embe? Ukiona ukungu, ukiona taa ya pikipiki imezungukwa na duara, nenda ukapimwe. Nawaambia hawatalazwa usingizi. Watachomwa sindano kando ya jicho, ganzi itashika, watafunikwa kitambaa usoni na watasikia kila neno linalosemwa. Na jicho halitolewi likawekwa mezani. Hilo husemwa sana mjini hapa, kwamba daktari hulitoa, hulisuuza kwenye bakuli, kisha hulirudisha, na akirudisha vibaya unabaki kutazama ndani ya kichwa chako. Mama alikuwa anaamini hivyo kabisa. Aliniuliza bakuli hilo huoshwa na nani.

Yapo mengine ninayowaambia, lakini hayo yanataka nieleze yaliyompata mama, na si kila mzee anayekuja ana moyo wa kuyasikia.

Mama alivunja kokoto chini ya mlima Jebel Kujur. Alikaa juani na nyundo yake, jiwe kubwa mbele, vipande pembeni, na vumbi likimkaa kwenye nyusi. Wakati wa ukimbizi alikuwa Koboko, upande wa Uganda, pamoja na kitinda mimba wetu, kaka yangu mdogo, na Kiswahili chake ni cha soko la huko: mimi iko, wewe iko, sisi wote iko. Nyumbani tulisema Kibari, lakini jambo likimchoma sana alihamia kwenye Kiswahili hicho. Labda aliona ni lugha isiyokuwa na jamaa wa kumsikia.

Ugonjwa tuliuona kwanza siku ya uhuru, ila hatukuujua. Tulikuwa kwenye umati, jua kali, watu wamepanda juu ya malori. Bendera mpya ilipopanda, wanawake wakapiga vigelegele, wanaume wazima wakalia. Mama akaniinamia akauliza mbona wameifua kwa sabuni mbaya, rangi zimeshachuja. Nilicheka hadi nikashika mbavu. Kaka aliusambaza mzaha huo mtaa mzima, na kwa muda mrefu mtu akitaka kuisema serikali alisema tu, mama yule aliona mapema. Mama mwenyewe alicheka nasi.

Kisha akaanza kunipa uzi bila kuuingiza kwenye tundu la sindano, kazi aliyokuwa akinifanyia kila asubuhi. Akaanza kuwajua watu kwa sauti. Siku moja alimgombeza mbuzi wa jirani dakika nzima akidhani ni mtoto amekataa kuamkia, na mbuzi akamsikiliza kwa adabu zote. Tulicheka hapo pia. Lakini jioni nilimsogezea kibatari usoni nikaona weupe katikati ya mboni zote mbili, mzito zaidi upande wa kushoto.

Tulipata nafasi ya kupasuliwa, na nafasi hiyo ikaangukia Desemba ile vita vilipoanza. Mizinga ililia mjini, watu wakauana kwa kuulizana kabila, na tulipothubutu kutoka, daktari wa macho alikuwa ameondoka na mlango wa kliniki umefungwa kwa mnyororo. Tukangoja. Mfa maji haachi kutapatapa: alipopita mtu mmoja mtaani akisema yeye hutoa maji meupe kwa sindano, hapo hapo mkekani, mama akamwita. Mimi nilikuwa sokoni. Kaka alikuwa kazini na bodaboda yake. Tuliporudi tulimkuta mama ameketi mlangoni anacheka, akaniambia rangi ya blauzi yangu.

Watu wajue hili. Yule mtu hatoi kitu. Anausukuma ule weupe kwa sindano ukaanguke ndani ya jicho, mwanga unapita, mgonjwa anashangilia, naye anakwenda zake. Kabla ya juma kwisha jicho la mama lilivimba, likatoa usaha, akalia kwa maumivu usiku na mchana, na maji yakawa yanamtiririka bila kukoma. Lilipopoa lilikuwa limekufa. Limebaki jeupe na limedidimia, halioni hata jua. Mama akalifunga akilini mwake hivi: jicho lililotoa maji mengi ndilo lililooza. Hakutuambia. Tungemwambia maji yale yalikuja kwa sababu ya kuoza, jicho halikuoza kwa sababu yake, lakini mtu hujibiwa lile analouliza.

Basi likabaki la kulia peke yake, nalo likazidi kuwa jeupe. Kufikia mwaka wa tano wa uhuru mama alikuwa anaona kivuli na mwanga tu. Kokoto aliendelea kuvunja, kwa kupapasa, na vidole vyake vilijaa makovu. Kaka alimnyang'anya nyundo, mama akaitafuta akaipata. Kaka akaificha, mama akaazima ya jirani.

Mwezi wa saba, mvua zimeshika, tukasikia wapasuaji wamekuja na wamepiga kambi katika hospitali moja. Mama alikataa. Alisema jicho moja alishampa yule fundi wa sindano, hili lililobaki atazikwa nalo. Nilimbembeleza, nikamkasirikia, nikamwita mkaidi. Kaka hakubishana naye. Alimwambia tu kwamba anataka kuoa, na hawezi kuleta msichana nyumbani akaguliwe na mama asiyeona, maana mama huyo atamkubali yeyote. Mama akauliza msichana gani. Kaka akasema ndiyo hivyo, nenda ukapasuliwe umwone. Kesho yake alimpandisha kwenye bodaboda akampeleka, na mimi nyuma yao nimeshika mwavuli usiosaidia kitu.

Alipotoka kwenye chumba cha upasuaji alikuwa na bandeji na amechoka, akasema hakusikia maumivu, amesikia maji baridi na sauti ya daktari akiimba chini chini. Asubuhi ya pili bandeji ikafunguliwa. Muuguzi alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye sauti ya kuamuru. Akamwinulia vidole, akauliza ni vingapi. Mama hakujibu vidole. Alikuwa anamtazama kaka aliyesimama nyuma ya muuguzi, akamtazama kwa muda mrefu, kwani mara ya mwisho kumwona alikuwa kijana asiye na ndevu.

"Kumbe umefanana na baba yako," akasema. "Pole."

Kaka akamwomba muuguzi arudishe bandeji. Wagonjwa wote kwenye benchi walicheka, hata wale ambao bado macho yao yalikuwa yamefungwa. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tangu nizaliwe, na sioni haya kusema kwamba nililia.

Muuguzi akatoa masharti, kwa Kiarabu cha Juba ili wote waelewe. Usisugue jicho. Usiiname, usibebe jerikani, usikae kwenye moshi wa mkaa. Ukilala, funika jicho kwa kikombe cha plastiki tunachowapa, na usililalie. Matone ya dawa kila siku bila kukosa, na kichupa kikae mahali pa baridi. Likiuma, likiwa jekundu, uonaji ukipungua, rudi mbio, usingoje kesho. Kisha akainua kidole akalisema la mwisho mara mbili: "Kede moya ma dakal fi ena." Maji yasiingie jichoni.

Mama alilirudia, kama mtoto anayefundishwa sala. Aliyafuata masharti yote kwa namna iliyotuchekesha. Alikataa kuoga kichwa, akapangusa uso kwa kitambaa kilichokamuliwa hadi kikakauka. Kaka alibeba maji, akahamisha jiko nje, akachimba kishimo kando ya mtungi wa maji na kuweka humo bakuli lenye kichupa, ndipo mahali penye baridi kuliko pote nyumbani mwetu. Mama akawa anakaa mlangoni anatazama tu: mlima, kuku, nguo kwenye kamba, kaka akiosha pikipiki. Alimwambia shati lake limeraruka kola, na ni aibu kwa mtu mwenye dada fundi.

Siku hizo zilikuwa chache mno. Risasi zilianza jioni upande wa mjini, zikanyamaza, zikaanza tena na safari hii zikahamia kwetu. Huku Jebel kulikuwa na kambi za wanajeshi wa pande zote mbili, na sisi tulikuwa katikati na mabati yetu. Kaka akatuangusha chini sote, kifudifudi, uso sakafuni. Mama akakataa. Akalala chali, kiganja kimefunika kile kikombe cha plastiki, kwa sababu ameambiwa asililalie jicho. Kaka akampigia kelele ageuke, risasi zinatoboa bati kama karatasi. Mama akamjibu kwa utulivu kwamba muuguzi hakusema hivyo. Kaka akaenda akamlalia juu, akamfunika kwa mwili wake, na hivyo ndivyo walivyokaa, yeye anatazama chini, mama anatazama juu, pua kwa pua. Mama aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipomwona vizuri zaidi.

Palipotulia kidogo tukakimbia na watu wengine kuelekea Kator, kwenye uwanja wa kanisa kuu. Tulivuka mji kwa miguu kwenye mvua, kaka amemfunika mama kichwa kwa turubai, na njiani kulikuwa na maiti ambazo mama angeweza kuzikosa kama tungechelewa kumpasua. Aliziona zote. Uwanjani tulipata pembe ya ukuta, tukabanana na familia nyingine chini ya turubai lile. Ndipo saa ya dawa ilipofika, nikafungua mfuko tuliokimbia nao.

Kulikuwa na kitabu cha nyimbo, khanga mbili, na unga. Kichupa hakikuwemo. Kilikuwa kwenye bakuli lake kando ya mtungi, mahali pa baridi, tulipokiweka kwa utii.

"Dawa iko wapi?" mama akauliza.

Aliuliza mara moja tu, na kwa sauti ya kawaida, kama unavyouliza chumvi. Nilimwambia tumeisahau. Akageuza uso ukutani, na kaka akamwona alivyoligusa lile jicho bovu la kushoto kwa ncha ya kidole.

Asubuhi iliyofuata lilitangazwa agizo la kusitisha mapigano, na bunduki zikanyamaza kweli. Kaka akasema anakwenda. Nikamwambia tutatafuta dawa nyingine hapa mjini, akaniuliza duka lipi halijavunjwa. Nikasema niende mimi, akaniuliza kama najua wanawake wanafanywa nini kwenye vizuizi. Nilijua. Mama alikuwa ameketi pale pale, anasikia, na hakumwambia nenda wala hakumwambia kaa. Kaka alivaa viatu, akachuchumaa mbele yake.

"Nikirudi nitapita kwa yule msichana, nimlete umkague," akamwambia.

Hakurudi siku hiyo. Siku ya pili akaja jirani yetu, Mganda mziba pancha wa pale sokoni, amesukuma mkokoteni wake kutoka Jebel hadi Kator, na juu ya mkokoteni kulikuwa na kitu kimefungwa kwenye turubai la bluu. Wanawake wa uwanjani walielewa kabla yangu, wakaanza kusimama mmoja mmoja.

Alituambia amemkuta kando ya barabara, karibu kufika lami. Waliomuua walikuwa wamechukua pikipiki aliyotoka nayo nyumbani, simu, mkanda na viatu. Soksi hawakuzitaka. Ndani ya soksi, chini ya unyayo, kulikuwa na kichupa cha dawa ya mama, na hakikuvunjika. Mziba pancha akakitoa mfukoni mwake, amekifunga kwenye kipande cha mpira wa tairi, akaniwekea mkononi bila kunitazama.

Mimi nilipiga yowe. Nilijitupa kwenye matope nikapiga yowe kama anavyopaswa mtu aliyefiwa, na wanawake wengine, wasiotujua hata jina, wakalia pamoja nami. Mama hakulia. Alikaa wima, mikono magotini, mdomo umekazwa hadi ukawa mstari. Kila mtu alikuwa anamtazama. Kisha akainua kichwa, akalegeza shingo nyuma na kufungua jicho.

"Tia dawa," akasema.

Nilidhani akili imeruka. Akasema tena. Nikaosha mikono kwa maji ya mvua, maana hilo nalo lilikuwa sharti, nikamtia tone moja, kisha la pili, na mwili wa mwanawe uko hatua chache kutoka tulipo. Akafumba jicho, akakaa hivyo, uso juu, hadi dawa ikanywea. Hata tone moja halikumtoka.

Tulimzika Rejaf, kwenye ardhi ya ukoo wa baba, mara tu barabara ya kusini ilipopitika. Hapa kwetu matanga yanaitwa bika, na maana yake ni kilio chenyewe. Huendi matangani, unaenda kilioni. Mama aliyefiwa hukaa katikati, na kila mgeni anayefika anaanzisha kilio upya naye humwitikia, kwa siku kadhaa, mpaka sauti imkauke. Bika bila kilio cha mama ni chungu bila moto. Wageni walifika wakalia, wakamtazama mama, wakakuta jicho kavu linawatazama. Wengine walikatiza kilio katikati kwa kuona haya.

Mimi mwenyewe nilimkasirikia. Sitaficha. Nilimwona akiuma ncha ya kitenge chake, akitazama paa, akivuta pumzi kwa pua polepole, na nikasema moyoni, mwanamke huyu ni jiwe, miaka yote hiyo ya kokoto imemgeuza mawe. Na kila saa ya dawa ilipofika, mbele ya waombolezaji wote, aliniita nimtie matone.

Shangazi yetu, dada yake baba, ndiye aliyelisema. Alinisikia zamani nikitumia lile neno langu la Kitale na lilimfurahisha, akawa analisema kwa mzaha, eti wifi yake ana mimba jichoni. Siku ya tatu ya bika, tukiwa tumekaa wote mkekani, akamtazama mama akitiwa dawa, akalisema taratibu, kwa Kiswahili, ili nilielewe mimi zaidi.

"Mtoto wa jicho. Kumbe ndiyo maana yake. Mtoto kwa jicho."

Hakuna aliyemkemea. Uvumi ukatoka Rejaf ukatutangulia hadi Jebel: yule mama mvunja kokoto amemtoa mwanawe apate kuona. Wengine walisema fundi wa sindano ndiye aliyempa masharti hayo, wengine walisema wapasuaji. Tuliporudi kwenye nyumba yetu, bati limetobolewa na mtungi umepasuka, wanawake waliokuwa wakivunja kokoto pamoja naye walisogeza mawe yao mbali. Mama alisikia kila kitu. Alimaliza dawa yote mpaka kichupa kikakauka, kisha akakihifadhi kwenye kitabu chake cha nyimbo, katikati ya kurasa, na kitabu hakikufungika tena sawasawa.

Jicho lilipona. Aliona vizuri kuliko mimi. Aliingiza uzi kwenye sindano kila asubuhi, akanipa, na hatukuzungumza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, watu husema, lakini mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba huyu hana. Niliishi naye chumba kimoja kwa miezi na sikumwuliza.

Mvua zilipokwisha, nikasikia kliniki imefunguliwa tena, ingawa wapasuaji hawakurudi. Nilimpeleka mama akaguliwe kwa sababu masharti yalisema arudi, nami nilitaka masharti yaishe. Muuguzi alikuwa yule yule, amekonda sana. Akamulika jicho, akamsomesha herufi, akasema ni jicho zuri, kwamba katika wote aliowasikia tangu vita wengi wameharibikiwa kwa kukosa dawa, na kwamba mama ana bahati. Mama akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza, kwa Kiarabu cha Juba, kama sasa anaweza kuosha uso. Muuguzi akacheka, akasema ah, mama, ungeosha zamani, ni majuma machache tu yale ya mwanzo.

Mama akafikiri. Akauliza, na maji ya jicho lenyewe je.

Muuguzi hakuelewa. Maji gani ya jicho, maji meupe? Hayo yalishatolewa, hayarudi.

"Maji ya kulia," mama akasema.

Muuguzi akaweka tochi chini. Akamweleza kwa upole kwamba machozi hayadhuru, kwamba hayo hayatoki nje yakaingia, ni ya jicho lenyewe na huliosha, na alilokataza ni maji ya mtungini na ya mvua, yenye uchafu. Mtu akilia asisugue tu, apanguse shavuni. Angeweza kulia hata siku ile ile ya kufunguliwa bandeji. Alisema yote hayo kama mtu anayetoa habari njema.

Mama akashukuru. Tukatoka. Tulifika kwenye kivuli cha ukuta wa hospitali, akasimama, akashika ukuta kwa mkono.

"Mimi nafikiri maji ni maji tu," akaniambia.

Ndipo aliponieleza, pale barabarani, kwa Kiswahili chake kibovu, maneno machache. Ugonjwa wenyewe unaitwa maji. La kushoto lilioza kwa maji. Muuguzi akasema maji yasiingie. Na kijana alikwenda kuleta dawa kwa sababu yeye aliuliza iko wapi. Kama angelia, dawa ingemwagika, jicho lingeoza, na kijana angekuwa amekwenda kuleta nini? "Yeye nalipa hii jicho na roho yake," akasema. "Mimi namwaga?"

Maji yakimwagika hayazoleki, na yasiyomwagika je, yanakwenda wapi? Nilitaka kumshika mkono, akautoa, akatangulia kutembea. Alitembea haraka hadi Jebel, mimi nyuma yake, akipita watu bila kuwaamkia. Alipofika nyumbani hakuingia. Alivua kilemba, akakaa chini kwenye lundo la kokoto mbele ya mlango, miguu ameinyoosha, kama anavyokaa mama mwenye bika. Akafungua mdomo.

Sijui nikieleze vipi kilio hicho. Kilikuwa cha mtu aliyefiwa saa hiyo. Alimwita kwa jina lake la kuzaliwa, akamwita kwa jina la babu yake, akamwuliza amefika wapi na viatu havipo. Machozi yalimtoka kwa jicho zima, na yakamtoka kwa lile bovu pia.

Majirani wakaja mbio. Wale wanawake wa kokoto waliacha nyundo, mziba pancha akaacha gurudumu, wote wakaniuliza mimi, maana mama hakuwa wa kuulizwa.

"Nani amekufa?"

Nikawaambia ni kaka yangu. Wakatazamana, mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba huyo alikufa wakati wa mvua. Nikasema ndiyo, ndiye huyo, na bika yake ni leo. Kisha yule wa kwanza aliyesogeza mawe yake mbali akajifungua kitenge kiunoni, akakitandika chini, akakaa kando ya mama, akaanza kulia.